Nilipaka chokaa majina ya wafungwa wa Dzaleka nikidhani ni vipimo vya nguo

Wakuu, salamu kutoka Dzaleka, Malawi.

Kisa hiki ni changu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Kuna sehemu nitaonekana mjinga na sitajitetea, kwa hiyo wa kucheka chekeni mapema.

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Bukavu. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja hapa kwenye kambi ya wakimbizi. Atelye yangu, yaani chumba cha kushonea, iko kwenye jengo la zamani la matofali, kuta nene, dirisha dogo juu karibu na dari. Jengo hilo nililipenda kwa sababu lina ubaridi. Sikuwahi kujiuliza nani anajenga dirisha ambalo mtu hawezi kuchungulia nje.

Sasa, mimi sikuwa mtu wa daftari. Vipimo niliandika ukutani kwa chaki: jina, kifua, kiuno. Ukuta ukijaa, napaka chokaa, naanza upya.

Nilipohamia pale nilikuta ukuta umeshaandikwa, tena kwa msumari.

"Phiri 38."

"Mateyu 41."

Chini yake mistari mistari. Nikasema aah, huyu fundi aliyenitangulia alikosa hata chaki! Nikapaka chokaa. Mwaka uliofuata nikapaka tena. Pembeni palipokuwa pamebomoka nilikwangua, nikaziba kwa saruji, nikapigilia rafu ya nyuzi.

Tuje Lilongwe.

Vitambaa nanunua soko la Tsoka, kwa mama mmoja Mmalawi. Namwita amayi, yaani mama kwa Kichewa. Ana ulimi mkali, ukishikashika kitambaa chake bila kununua utajuta. Miaka yote hiyo nilimdanganya kwamba naishi Area 36, mtaa wa pale pale mjini. Neno mkimbizi sikutaka kulitamka, na ukitaja Dzaleka umeshalisema.

Siku moja mvua ilinibana pale kwake, nikaropoka kwamba nikichelewa sitapata basi la Dzaleka.

Akaacha kukunja kitambaa. Nikajua hapa nimeshadharauliwa.

"Dzaleka," akasema. "Baba yangu alipelekwa huko nikiwa bado nabebwa mgongoni. Hakurudi."

Nikamwambia labda amechanganya, kule ni kambi. Ndipo akanieleza. Kabla yetu, enzi za chama kimoja, Dzaleka ilikuwa gereza. Mtu alifungwa kwa neno tu alilosema. Baba yake, Yesaya, alikuwa mwalimu. Familia haikupewa mwili wala barua. Ila waliotoka walimwambia mama yake kwamba wafungwa walikuwa wakikwangua majina yao ukutani na kuhesabu siku.

Wakuu, nikamkumbuka Phiri na Mateyu, nikamwambia kwangu kuna ukuta wenye majina, aje Alhamisi auone.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu. Akaja nami mpaka atelye, akapitisha kiganja juu ya chokaa.

"Papa Neema, hii haikukuwa vipimo," akasema kwa Kiswahili cha kwetu, ambapo bantu ni watu. "Hii ni majina ya bantu. We ulifunika bantu."

Alhamisi amayi alikuja, akashuka kwenye kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, amevaa nguo za kanisani. Sisi tulikuwa tumesugua ukuta kwa maji na brashi tangu asubuhi. Majina kumi na saba yalikuwa yametoka. Mateyu naye alikuwepo. Nikahesabu mistari iliyo chini yake.

Arobaini na mmoja.

Amayi alipita na kidole, jina moja baada ya jingine, akiyasoma kwa sauti. Yesaya hakuwepo. Akafika kwenye saruji yangu, pale kwenye rafu.

"Na hapa palikuwa na nini?"

Ningeweza kusema hapakuwa na kitu. Nilishamdanganya miaka yote, uongo mmoja zaidi ungeniokoa.

"Palikuwa na maandishi, amayi. Nilikwangua mimi. Sikuyasoma."

Akakaa kwenye kiti cha cherehani akalia, na mimi nililia, siwafichi. Baadaye akaomba chaki. Nikaing'oa ile rafu, naye akaandika juu ya saruji: YESAYA. Namba hakuweka. Nikachukua msumari nikafuata herufi zake polepole, mpaka zikaingia.

Siku hizi vipimo naandika kwenye daftari. Watu wa sokoni wakiniuliza naishi wapi, nasema Dzaleka. Kumbe mahali nilipopaonea aibu, watu walikaa pale kwa sababu walikataa kunyamaza.

Nilichojifunza: ukifika mahali kama mgeni, usidhani historia ya pale imeanza siku uliyoshusha mizigo.

Kama na wewe uliwahi kukuta alama kwenye nyumba uliyohamia, tuambie ulizifanyaje. Nasoma comments zote.

Na wewe wa hapa Dzaleka mwenye chumba kwenye majengo yale ya zamani, kabla hujapaka chokaa njoo unigongee kwanza. Amayi bado hajui kama jina la baba yake lilikuwa kwangu au liko kwako.