Kabureta Haimiminiwi

"Da Winfrida, gari Jumamosi linakwenda kwa wenyewe. Wewe unalihangaikia pampu ya nini?"

Aliyeuliza alikuwa Mwanvita, jirani yake wa Bigwa, ameegemea ua na sufuria mkononi. Winfrida alikuwa amepiga magoti kando ya pikapu ya marehemu mumewe, anafungua mpira wa petroli kwa bisibisi.

Mumewe, Deogratias, alikuwa fundi, na gari hilo ni kama alilizaa mwenyewe: bodi ya Landrova kuukuu, injini ya Toyota ya kabureta aliyoiokota kwenye vyuma chakavu. Pampu iliyokuja na injini iligota kwenye fremu, akaing'oa, tundu lake akaliziba kwa kipande cha bati, kisha akafunga pampu ndogo ya umeme kule chini, jirani na tenki. Miaka kumi na minne wakashusha kabichi na karoti kutoka milimani, Winfrida kiti cha pembeni, rozari yake ikining'inia kwenye kioo. Kisha figo zikamchukua Deogratias. Wiki moja baadaye pampu nayo ikanyamaza.

Sasa arobaini imefika. Kwa Waluguru hawa, vitu vya mwanamume hurudi kwa ukoo wa mama yake. Nyumba ilibaki kwa Winfrida, maana kiwanja ni cha mama zake, lakini gari lilikuwa la Yeremia, mpwa wa marehemu. Hakuna aliyemwonea, mila aliijua tangu anaolewa. Alichokataa ni kimoja tu: gari la Deogratias kupanda kwao likivutwa kwa kamba, watu wanatazama, kana kwamba aliyelitengeneza alikuwa mbabaishaji.

Ijumaa asubuhi Yeremia akaja na pampu nene kama chupa ya chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hilo dubwana umelitoa wapi?"

"Ya gari la kisasa hii! Ina nguvu. Mlima ule unataka nguvu."

"Mlima unapandwa na injini, mwanangu. Pampu kazi yake kuinywesha tu."

Yeremia akacheka. "Mama, si wewe ulikuwa unamshikia mjomba tochi tu?"

"Nilishika. Na mwenye tochi ndiye anayeona."

Yeremia hakusikia, akaifunga pampu yake. Injini ikawaka, ikakohoa moshi mweusi, mara petroli ikafurika juu ya kabureta na kutiririka kwenye injini.

"Zima! Zima, baba!" Winfrida akachota mchanga kwa mikono miwili.

"Mtatuchoma jamani!" Mwanvita akapiga yowe kule uani.

Yeremia akazima, akakaa chini. Winfrida hakumsema. Aliifunga ile pampu iliyokufa kwenye pindo la kanga, akaenda duka la spea Mafiga.

"Gari gani, mama?" akauliza Rogers, muuzaji.

"Ukiniuliza gari nitakudanganya, maana ni magari mawili. Niulize linakunywaje."

"Haya, linakunywaje?"

"Kwa kabureta. Nipe ile dhaifu kama hii, ya kusukuma polepole. Mume wangu alikuwa anasema kabureta ni kama mgonjwa, haimiminiwi…"

Alikuwa amekumbuka kijiko cha uji, wiki ile ya mwisho, alivyombembeleza amalize hata vitatu, na Deogratias, midomo imekauka, bado anatania: "Taratibu, mama, utaifurikisha kabureta." Rogers akageukia rafu, akatafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akamwacha afute uso.

Jumamosi, pampu ile dhaifu ikiwa imefungwa, gari lilipanda. Yeremia usukani, Winfrida pembeni pake, kona baada ya kona, halikukohoa hata mara moja. Wazee wa ukoo walisimama kulipokea. Mmoja akasema, "Deo huyo anakuja," na wanawake wakaanza kulia upya.

Winfrida akashuka. Alinyoosha mkono aivue rozari kwenye kioo, akaurudisha, akaiacha pale pale imlinde dereva. Kisha akakabidhi funguo kwa mikono miwili.

"Mama," Yeremia akasema, macho chini, "niombe chochote."

"Ukishuka na mzigo sokoni, pitia Bigwa. Usisimame, una kazi zako. Pita tu polepole, niisikie injini."