Matuta ya Mwakani

Kwanza niseme kwamba sikuwa nesi mpole. Wanaosimulia habari zetu hutupamba kwa sauti za chini na mikono laini. Mimi nilikuwa na mdomo, na mikono yangu ilikuwa imebabuka kwa kuchemsha bandeji, maana miaka ile ya Ujamaa bandeji ilifuliwa, ikachemshwa, ikaanikwa, ikarudi kazini. Serikali ilinisomesha Dar es Salaam nihudumie wagonjwa wa kansa, kisha ikanipeleka Sumbawanga, mimi mtoto wa Mbeya. Watu walidhani nesi wa kansa ni yule anayeiponya. Walipogundua kwamba kazi yangu ni kusafisha vidonda, kugawa dawa ya maumivu ikiwapo, na kukaa na watu, wengine waliniona tapeli mwenye mshahara.

Mgonjwa ninayemkumbuka kuliko wote alikuwa mama wa makamo wa kijiji kimoja upande wa Kasense. Kansa ilimshika titi. Alipelekwa Dar, akachomwa mionzi, akarudishwa nyumbani kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeshasambaa. Daktari alimwambia mume. Mume akawaambia kaka zake na binti yake mkubwa. Mgonjwa mwenyewe aliambiwa uvimbe umekwisha, kimebaki kidonda tu.

Mume alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu wa mikutano. Siku ya kwanza nilipokwenda kwao kwa baiskeli alinisubiri barabarani, akaniambia kabla sijafika mlangoni kwamba kwao mgonjwa hatabiriwi kifo. Ukimtajia, wewe ndiye uliyemuua. Nilimjibu kwamba sitamwambia asichouliza. Akaridhika, kwa sababu katika ndoa yao yote hakuwahi kumsikia mkewe akiuliza jambo waziwazi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tulivyowahubiria wagonjwa waliochelewa kuja hospitali. Sikuwahi kusikia mtu akiwaambia hivyo ndugu wanaomficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe. Nyumba ile ilinichosha kuliko wodi nzima. Kila nilipofika walikuwa wanacheka. Balozi alisimulia vituko vya mkutano wa kijiji, binti akacheka, mama akacheka huku ameshika ubavu, nami nikifungua bandeji na kutazama kidonda kinavyopanuka. Kisha binti alinisindikiza hadi barabarani, akalia mpaka akashindwa kuniaga. Baba yake alikwenda kulia nyuma ya choo. Nilimkuta huko siku moja nikitafuta pa kumwaga maji machafu, akajifanya anakagua ukuta.

Mvua zilipokaribia kwisha, yule mama aliniuliza swali wakati namfunga bandeji. Tulikuwa wawili tu ndani.

"Mwanangu, mwaka huu nilundike matuta?"

Nilimwambia mkono wa upande ule usishike jembe, utavimba zaidi, binti atamsaidia. Nilijiona nimejibu vizuri. Aliniangalia jinsi mtu anavyomwangalia mgeni aliyevaa nguo kinyume.

"Sijauliza habari ya mkono," akasema. "Nimeuliza kama nitakula."

Ndipo akanieleza, kwa subira ya mtu anayemfundisha mtoto. Wafipa hulundika nyasi mvua zinapoelekea kwisha, wakazifunika udongo yakawa matuta ya mviringo, wenyewe huyaita ntumba. Nyasi huozea humo ndani kiangazi chote. Mvua nyingine zikianza, matuta huvunjwa, udongo ukatandazwa na ulezi ukapandwa. Kwa hiyo anayelundika leo anafanya kazi ya chakula cha mwakani. Nilikuwa nimepita kando ya matuta yale kwa baiskeli miaka yote hiyo nikidhani ni namna tu ya Wafipa ya kupanga shamba.

Nilikaa na ile bandeji mkononi. Ahadi yangu kwa mumewe ilikuwa nisimwambie asichouliza, na sasa alikuwa ameuliza. Kukwepa kungekuwa rahisi. Ningesema yote yako kwa Mungu, nikapanda baiskeli yangu. Huko Dar tulifundishwa kwamba kabla hujamjibu mgonjwa swali kama hilo, muulize angependa nani awe karibu yake. Nikamuuliza.

"Mwite baba yao," akasema. "Masikini, amechoka kucheka."

Balozi aliingia akitabasamu, akaona nyuso zetu, tabasamu likamfia. Akaketi kwenye kigoda. Nilisema kwa maneno mafupi, kwa sababu maneno marefu katika jambo hilo ni woga. Nikamwambia mama: ulezi uliopo shambani sasa utauona ukivunwa, Mungu akipenda. Ulezi wa matuta utakayolundika hutauona.

Balozi alisimama. Nilidhani atanipiga. Akatoka nje.

Mama hakulia hapohapo. Aliniuliza kama atasikia maumivu sana, nikamwambia ukweli, kwamba dawa ni adimu lakini nitaitafuta hata kama ni kwa kugombana, na kugombana naweza. Akacheka kicheko chake halisi, ambacho sikuwahi kukisikia mle ndani. Kisha akasema amekuwa akienda kisimani kulia, na kwamba siku hizi kisima ni mbali. Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Nami nililia. Sioni aibu kuyasema hayo.

Balozi hakunisemesha safari iliyofuata. Lakini niliwakuta wote shambani, naye na binti wakilundika matuta, mama ameketi kwenye mkeka pembeni akiwakosoa. Hilo dogo, litakauka. Nyasi hizo hazitoshi, wewe baba unafunika udongo mtupu. Jioni walilia pamoja, binti ndiye aliyeniambia, na wakati mwingine walilia huku wanakula. Wakati ulezi unavunwa, alifariki. Dawa nilikuwa nimeipata, ingawa haikutosha.

Kwenye ofisi yangu kazi iliishia hapo. Ukurasa ulifungwa, nikapewa wagonjwa wengine, na walikuwapo wengi. Mvua zilipoanza tena, balozi akaja hospitali. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, na mara hii hakuniita Ndugu Nesi kama alivyopenda kuniita mbele za watu.

"Mwanangu," akasema, "wenzangu wote wamepanda. Mimi nimeshindwa kuvunja yale matuta."

Binti alikuwa amejaribu, akamkataza. Kaka zake yeye balozi walikuja na majembe, akawafukuza. Nikivunja, alisema, basi itakuwa imekwisha hata kazi ya mwisho aliyoisimamia mke wangu kwenye mkeka. Nilimwomba anisubiri, nikamaliza wodi, tukaenda wote.

Shamba lilikuwa limelowa na baridi ya Ufipa ilikuwa ikipenya hadi kwenye mifupa. Binti alileta jembe. Baba yake hakulipokea, nikalichukua mimi. Nililipiga tuta la kwanza nikalikosea, udongo mweusi ukaruka huku na huku na nyasi zilizooza zikabaki juu. Nikapiga tena. Nilikuwa nalia na kulima vibaya kwa wakati mmoja.

"Unaharibu," balozi akasema nyuma yangu. "Nesi, unaharibu kazi yake."

Akaninyang'anya jembe. Akavunja tuta lile taratibu, akalitandaza vizuri, kisha akalia kwa sauti mbele ya majirani waliokuwa mashambani mwao, akaendelea na la pili.