Vikobe Kwenye Rafu

Katika duka la miwani alikofanya kazi, kila mtu alimwita Kibano, na jina lilimkaa kama kofia ya kipimo chake. Mchana kutwa alikuwa ameinama chini ya taa, kibano mkononi, akirudisha skrubu ndogo kuliko chawa kwenye miwani iliyokaliwa na wenyewe. Mtu mwingine akitoka kwenye kazi ya namna hiyo angetaka kupumzisha macho. Yeye alirudi nyumbani, akaoga, akala, kisha akaketi kwenye meza ya dirishani na kushika kibano kingine.

Alikuwa anaunda vifaru. Si wanyama, ni vile vya jeshi, vya plastiki, vinavyokuja vipande vipande ndani ya boksi, na vikikamilika vinaenea kwenye kiganja. Mkewe alikuwa msusi, mwenye mdomo usiojua likizo, na wateja wake wote walishasikia habari hiyo. "Wenzake wanafuga kuku," alisema. "Wangu anafuga vifaru, na yai hatujaliona mpaka leo."

Alivinunua kwenye duka la vifaa vya shule, ambako mwenye duka aliagiza maboksi machache na kuyapanga juu kabisa, nyuma ya ramani. Kuchagua kulimchukua muda mrefu. Alilishusha boksi, akaomba ruhusa, akalifungua na kuinua fremu zilizoshika vipande, moja moja, kwenye mwanga kutazama kama kingo za vipande zimetoka kali au plastiki imevuja nje ya kalibu ilipomiminwa na kuota masharubu. Kisha akatafuta minyororo ya magurudumu. Kama ilikuwa ya mpira, ya kuvisha mara moja, alilirudisha boksi juu.

"Huo unauvisha kama soksi," alimwambia mwenye duka. "Mimi nataka wa punje kwa punje."

"Unatafuta kazi au unatafuta mchezo?"

"Ningejua tofauti yake, nisingekuwa hapa."

Nyumbani alikata kila kipande kutoka kwenye fremu, akakilainisha kwa msasa, akakipaka gundi ya majimaji inayoyeyusha plastiki kidogo ili kipande kishikamane na mwenzake. Mwisho kabisa ilikuja rangi, na juu ya rangi vumbi. Kwa vumbi hakuwa na mpinzani. Alisugua unga wa chaki kwa brashi kavu kwenye magurudumu hadi kifaru kikaonekana kimetoka safari ya mbali.

Mama mkwe wake alihamia kwao macho yake yalipofunga ukungu. Ulikuwa mtoto wa jicho, pande zote mbili. Aliona mwanga na vivuli, basi. Lakini hakuwa mtu wa kukaa na kuhudumiwa. Alikunja nguo, akachambua mboga kwa vidole, akafuta vumbi kwenye rafu ya sebuleni kwa kupapasa. Siku ya kwanza alipofika kwenye vile vifaru, alisimama.

"Na hivi ni nini, baba? Kobe?"

Mkewe Kibano aliangua kicheko. Kibano aliona haya kumweleza mama mkwe kwamba mtu mzima kama yeye anakaa kuunda zana za vita za mchezo. "Ndiyo, mama," akasema. "Vikobe."

Tangu hapo vikawa vikobe. Kimoja mama alikipenda zaidi, akawa anakiomba anaposikiliza redio. Kibano alimwekea kiganjani, naye alikaa nacho mchana mzima, kidole gumba kikizungusha magurudumu yake taratibu, mbele na nyuma. Kibano alifurahi sana. Ni wangapi wanaobahatika kuwa na mama mkwe anayependa kazi za mikono yao?

Daktari wa macho aliyekuwa akipima wateja dukani ndiye aliyemsaidia kupata nafasi hospitalini. Walikubaliana wafanye jicho moja kwanza, jingine baadaye. Upasuaji ulikwenda vizuri. Kesho yake bandeji iliondolewa, wakarudi nyumbani, na mama akaanza kuikagua nyumba kama mnunuzi. Alimshika mwanawe kidevu.

"Una mvi," alisema. "Na hukuniambia."

"Mvi hazipigi hodi, mama."

Alilitazama birika, akasema ni chafu kuliko alivyodhani. Alimtazama Kibano, akasema kumbe ni mfupi. Walicheka wote watatu. Kisha mama akageuka kuelekea sebuleni. "Haya, sasa niwaone kobe wangu."

Mkono wake ulinyooka kuelekea rafuni, ukasimama hewani. Hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, mgongo ukakutana na ukuta, na hapo akabaki ameganda, jicho lile jipya limekodoka na lingine jeupe.

"Nani amevileta hivi ndani?"

"Ni mimi, mama," Kibano alisema. "Ndio vile vikobe vyenyewe."

Mama alivitazama viganja vyake. "Nilikuwa nakishika," alisema polepole. "Nilikuwa nakipakata."

"Mama, ni midoli tu," mwanawe alisema, kicheko hakijamtoka usoni.

Mama alikwenda jikoni, akafungua bomba na kunawa mikono. Walimsikia akinawa, akifunga bomba, akalifungua tena. Kisha akaingia chumbani mwake na kufunga mlango. Kibano na mkewe walibaki wakitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aeleze.

Hakutoka kula. Kibano alivishusha vifaru vyote, akavifungia kwenye boksi la viatu na kulisukuma chini ya kitanda. Kesho yake mchana mama alitoka, akaiona rafu tupu.

"Umevipeleka wapi?"

"Nimeviondoa, mama. Unisamehe."

"Vilete."

Alivileta, akavipanga mezani. Mama aliketi mbali navyo, mikono mapajani, mwanawe kando yake.

"Kile kilikuwa na magurudumu makubwa matano kila upande," alisema. "Gurudumu la mbele limejitenga kidogo na mengine. Hapo katikati pana pengo, kama la jino lililong'oka."

Kibano hakuhitaji kutafuta. Pengo lile alilijua. Ndilo lililomfanya akichague kifaru kile dukani. Ndicho alichokuwa akimwekea mama kiganjani wakati wa redio. Alikisogeza mbele. Mama alikitazama, akatikisa kichwa kukubali.

"Vita vilipita kwetu kama vilivyopita kwa wengine," alisema. "Sisi hatukuwa upande wowote. Kiliingia kwenye mtaa wetu, kikafika kwenye kona, njia ikawa nyembamba. Hakikupiga hata risasi moja. Kiligeuka tu. Kile hakigeuki kama gari, kinazunguka papo hapo kiliposimama, na mkia wake ukaugonga ukuta wetu. Dereva alikuwa anatafuta njia, basi. Mimi nilikuwa uani naanika nguo. Mtoto nilikuwa nimemlaza chini ya dirisha, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na ubaridi."

"Mtoto gani?" mwanawe aliuliza.

"Kaka yako."

Msusi alikuwa amelelewa kama kifungua mimba. Wadogo zake walimwita dada mkubwa, harusi zao alizisimamia yeye, baba yao alipofariki ni yeye aliyetangulia mbele ya jeneza. Mama yake mwenyewe alizoea kumtambulisha kwa wageni hivyo: huyu ndiye wangu wa kwanza.

"Baba alijua?" aliuliza hatimaye.

"Baba yako ndiye aliyemfukua."

"Na hamkusema. Miaka yote hii."

"Tulihama. Tulikohamia hakuna aliyetujua. Ulipozaliwa, majirani walikuja kutupongeza, wakasema hongereni kwa kifungua mimba. Nilimtazama baba yako, naye akanitazama. Tukasema asanteni." Mama alimgusa mwanawe goti. "Ningesema siku ile, ningekuwa nimesema. Baadaye sikupata pa kuanzia."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema, lakini siku ile uliwafikia wote mezani. Msusi aliondoka, akaenda kukaa kwenye ngazi za nje, chanuo la kazi likiwa bado limechomekwa kwenye nywele zake. Kibano alimfuata, akakaa naye. "Mimi ni wa pili," mkewe alisema, kama anayejaribu kiatu cha mtu mwingine. Saluni, kesho yake, alisuka mistari kombo, akalazimika kuifumua yote, na mteja aliyezoea vichekesho vyake alimuuliza kama ni mgonjwa.

Kibano naye alitafuta boksi la kile kifaru, maana maboksi hakuyatupa. Picha ya juu ilikuwa imechorwa vizuri mno. Ilionyesha kifaru kwenye kona ya mtaa, vumbi likitimka nyuma, na pembeni nyumba zenye madirisha yaliyofungwa. Alikuwa ameitazama picha ile mara nyingi, na vumbi lake aliliiga mpaka akajisifu. Nyumba hakuwahi kuziangalia. Sasa aliangalia dirisha moja moja. Dukani aliangusha skrubu, akapiga magoti kuzitafuta, akasahau anatafuta nini.

Kifaru chenyewe kilitoweka mezani. Hakujua kama mama alikitupa au mkewe alikikanyaga, na hakuthubutu kuuliza. Mama alikataa habari ya jicho la pili. "Hili moja limeshaona ya kutosha," alimwambia daktari wa macho.

Wiki zilipita hivyo, nyumba nzima ikitembea kwa ncha za vidole. Kisha jioni moja mama alivuta kiti, akaketi kwenye meza ya dirishani, mbele ya mkwewe aliyekuwa amekunja mikono.

"Mbona hufanyi kazi yako?"

"Imenitoka mikononi, mama."

"Nyumba unajua kutengeneza?"

"Sijawahi."

"Jifunze."

Hakukuwa na boksi la kununua kwa nyumba ile. Kibano alikata kadibodi na mabaki ya fremu za plastiki, mama akimsimamia. Mlango ulikuwa upande wa kushoto, si kulia. Ngazi ilikuwa moja, na ilikuwa imemeguka. Pipa la maji lilikaa hapa. Walibishana juu ya paa mpaka Kibano akalibomoa na kuanza upya, na hapo ndipo mama alipolalamika kwamba jicho moja linamdanganya umbali, na kwamba pengine yule daktari aambiwe.

Msusi alianza kwa kuleta chai na kuondoka. Siku nyingine alileta chai na kukaa.

"Mlimwitaje?" aliuliza.

"Jina lake ni la babu yako. Lakini sisi tulimwita Jaji. Alikuwa anakunja uso akikutazama, unajiuliza umefanya kosa gani."

Msusi alicheka, kisha kicheko kikamgeuka katikati, na mama yake akamshika mkono mpaka kikatulia. "Alikuwa ameanza kutembea?" msusi akauliza. "Ameanza. Hatua mbili, anakaa. Anakasirika." Kibano aliendelea kukata, kichwa chini, ili wasione macho yake.

Walipofika kwenye ukuta wa chini ya dirisha, mama aliuchukua ule utepe wa kadibodi, akaubana kwa vidole viwili.

"Huu uweke mnene," alisema.

"Ulikuwa mnene, mama?"

"Haukuwa. Weka mnene."

Kibano alikata kadibodi nyingine ya kipimo kilekile, akaipaka gundi, akaibandika juu ya ile ya kwanza. Mama alijaribu kuukunja, akamrudishia. Alikata nyingine.