Matone ya Polio Ndani ya Kanga

Juzi zahanati, hapa Kinjumbi, mbele yangu alikuwepo bibi aliyemleta mjukuu mchanga, kamfunika kanga gubigubi.

"Shikamoo, bibi. Mfunue nimpe matone ya polio," nesi alisema.

"Marahaba. Hajatimiza arobaini, na hapa macho ni mengi. Mpe humo humo."

"Humo sioni mdomo, bibi. Atarudi bila kinga."

Bibi akaikaza kanga, akageukia mlangoni. Nesi akamwahi, akapiga magoti, akaingiza kichwa ndani ya kanga na kichupa chake. Sisi kwenye foleni tukanyoosha shingo.

Alipotoa kichwa, mama mmoja akamuuliza, "Kafanana na nani?"

"Na bibi yake. Mdomo kaufungua kwa kubembelezwa."

Bibi akacheka, lakini hakufunua. Mtoto kaondoka na kinga mbili, ya nesi na ya bibi. Sisi tulibaki na hamu ya kumwona.