Mkono Niliokandwa Mpaka Ukakatika

Nilikuwa mrushaji wa besiboli, tena mzuri. Nasema bila haya, kwa sababu wachezaji wangu wa leo wanadhani nilizaliwa kocha. Mchezo nilijifunza shuleni Kenya. Nilipokuja Doha, Qatar, mwaka 2008 kulinda jengo moja mtaa wa West Bay, nikapata timu ya wafanyakazi wa kigeni iliyocheza kila Ijumaa. Siku sita niliwafungulia watu mlango wasinione. Ijumaa wote walinijua kwa jina.

Msimu wa tatu kiwiko kilianza kuuma kwa ndani, kikavimba. Vidole viwili vya mwisho vikafa ganzi, hata kufunga vifungo vya sare ikawa kazi. Sikumwambia kocha, angenipumzisha. Nilimwambia Hamisi, mtu wa Tanga niliyeishi naye chumba kimoja mtaa wa Al Mansoura. Jengo zima tuliloishi lilimwamini kwa kukanda.

"Mishipa imejikunja tu, ndugu yangu," akasema. "Vumilia, nitainyoosha."

Alinikanda kwa maji ya moto na chumvi, akanibinya kwa kidole gumba huku nimeng'ata taulo. Wiki tatu, kila jioni. Na kila Ijumaa nikarusha, mjinga mimi. Ijumaa ya nne nilisikia kitu kikikatika ndani ya kiwiko. Mpira ulidondoka miguuni pangu na mkono ukabaki unaning'inia.

Hospitalini daktari aliinua picha ya kiwiko kwenye mwanga. "Kano imekatika kabisa," akasema. "Hii ilianza kidogo. Ungepumzika ingepona. Ulikuwa unaifanyia nini?"

"Nilikuwa nakandwa."

Akavua miwani, akafumba macho.

Walinipasua. Miezi miwili Hamisi alinifunga viatu na kuniogesha mgongo, akiomba radhi kila siku mpaka nikamwambia anyamaze. Angalau yeye alidhani ananisaidia. Mimi nilijua nimeumia nikaficha.

Baada ya mwaka mkono ulinyooka. Kasi haikurudi. Nilirusha na kurusha, mpira ukafika umechoka. Timu ikaniomba nifundishe warushaji, nikakubali shingo upande. Sasa nahesabu mirusho ya kila mmoja, na anayekunja vidole kisirisiri kama vimekufa ganzi namtoa, hata tukiwa tunaongoza. Wananinunia. Wacha waninunie.

Wenzangu, kiungo kikivimba na vidole vikafa ganzi, msikandwe. Nendeni mkapigwe picha. Namshukuru daktari, namshukuru Hamisi. Mungu pia namshukuru, ila kwa shingo upande, kwa sababu bado naota narusha, na kwenye ndoto mkono hauumi.