Kibuyu cha Jeni Tisa

Mgeni alikuwa bado juu ya bodaboda, akitafuta njia ya msitu wa Mau, alipoukuta umati kwenye kituo cha kununua majani chai huko Kimulot. Watu walishangilia kama waliomwona mwanariadha wao akiingia mzunguko wa mwisho. Akashuka. Hakuona televisheni. Aliona laptopu kwenye meza ya mzani, na mbele yake msichana mwenye gambuti, Chepkurui, amejishika kichwa.

"Wewe mgeni, sogea kando, unaziba netiweki!" akafoka Omosa, karani wa mzani.

Chepkurui alitamani kucheka, lakini macho hayakubanduka kwenye kioo.

Babake, Kiptum, aliugua saratani ya ubongo, na kabla hajapata nafuu kiharusi kikampiga. Madaktari walisema ni magonjwa mawili tofauti. Tangu wamzike, Chepkurui, aliyekuwa akisomea biolojia Chuo Kikuu cha Kabianga, amekuwa akijiuliza kama magonjwa hayo hayajuani. Maabara hakuwa nayo. Alikuwa na laptopu, na data ambayo wanasayansi wa nchi mbalimbali huiweka wazi mtandaoni. Akaanza kulinganisha: jeni zipi zimechangamka na zipi zimenyamaza kwa wenye saratani, kisha kwa wenye kiharusi, halafu zipi zinajitokeza kotekote.

Juma lililopita alipata jeni mia nane za namna hiyo. Alipiga mayowe hadi ng'ombe akapiga ndoo teke. Shangazi Lenah, bila kuuliza mara mbili, akasimama kanisani Jumapili akatoa shukrani, kisha akasugua kibuyu kwa mkaa na kumimina maziwa yagande. Mursik hiyo hupewa mtu aliyeshinda mbio, akirudi nyumbani. Chepkurui alikuwa hajatoka hata getini.

Ndipo alipoangalia tena umri. Wagonjwa wengi walikuwa wazee. Watu wenye afya aliowalinganisha nao walikuwa vijana.

"Shangazi, nimegundua uzee," alimwambia.

"Huo hata mimi nimeugundua, kwa magoti."

Sasa alikuwa akirudia hesabu yote, umri ukiwa umezingatiwa. Kesho alitakiwa kusimama mbele ya wataalamu Nairobi. Pikapu ya maziwa ingempeleka hadi Kericho. Kama kompyuta ingesema hakuna kilichobaki, hangepanda.

"Imefika wapi, daktari?" Omosa akauliza.

"Inakaribia."

"Inakaribia!" umati ukaitikia, na mama mmoja akaanza kuimba.

Pikapu ikapiga honi barabarani. Kioo kikatulia. Chepkurui akasoma, akasoma tena, akajibana mdomo.

"Tisa," akasema.

"Tisa nini?"

"Jeni tisa."

"Na zile zingine?"

"Zilikuwa za uzee."

Shangazi Lenah akashika kiuno. "Mimi nilimwambia Mungu mia nane, mbele ya kanisa zima!"

"Mwambie kuna makato," Omosa akasema. "Sisi wakulima anatujua."

Kituo kizima kikaangua kicheko, lakini Chepkurui alikuwa tayari anaruka, gambuti zikipiga sakafu, akimkumbatia kila aliyefikika, pamoja na mgeni. Tisa zimebaki! Haikuwa dawa, wala haikuwa jibu. Palikuwa mahali pa kuanzia kuchimba, na baadhi ya hizo tisa zilihusu mishipa ya damu.

"Basi kunywa," shangazi akasema, akimsogezea kile kibuyu cha mursik.

"Hapana, shangazi. Sijakimbia bado. Kesho watazipiga hizi tisa kwa maswali kutoka kila upande. Zikisimama, nitakunywa."

"Na zikianguka?"

"Mursik utawapa ndama."

Akatafuta wa kukishika kibuyu. Omosa akanyoosha mikono haraka mno.

"Wewe karani utaimaliza kabla sijafika Litein." Akakiweka kifuani pa mgeni. "Shika wewe. Umepotea tu, huna haraka. Na usionje!"

Akapanda nyuma ya pikapu, akaketi kati ya mikebe ya maziwa, laptopu imefungwa ndani ya leso ya shangazi. Gari likang'oka. Kwenye kona alisimama wima akainua vidole tisa, karibu aanguke, na vicheko vikamfuata hadi mashamba ya chai yakamficha.

Bodaboda ya mgeni ilikuwa imeshaondoka na mteja mwingine. Omosa akasogea karibu, macho kwenye kibuyu.

"Tuonje kidogo tu, tujue kama imeiva."

Mgeni akakikumbatia kwa mikono miwili, akamuuliza shangazi Lenah kama angepata pa kulala hadi Chepkurui arudi.