Kigoda Nje ya Geti la Shule

Mama Geti hakuwa na dogo. Alikuwa bawabu wa shule ya msingi, mwanamke wa miraba minne, na kila aliyeingia alimpa mkono, kisha mkono huohuo wa mgeni akauinua mpaka puani kwake mwenyewe, akaunusa. Ukinuka tumbaku, hata uwe mzazi au fundi bomba, anakurudisha: kanawe, sigara na kiberiti viache hapa. Watu walimchukia, tena si kidogo. Mwalimu wa hesabu alimnunia muhula mzima. Yeye wala hakujali. Bintiye wa pekee, aliyesoma hapohapo, alikuwa na pumu, na kikohozi cha mtoto yule kilimwamsha mama mtu hata akiwa hoi kwa uchovu.

Sasa ubaya ni kwamba nyumba yao ilikuwa ya shule, ndani ya ua, nyuma ya madarasa. Humo alikaa pia mama mkwe wake, mzazi wa mumewe fundi wa madawati, bibi aliyevuta tangu ujana na asiyetaka kuambiwa. Alivutia chini ya dirisha la mtoto, eti ndiko kwenye kivuli. Wawili hawa hawakupikika chungu kimoja tangu siku ya posa. Mkwe akipika, bibi anaongeza chumvi. Mkwe akifagia, bibi anafagia tena palepale, mbele ya wageni.

Basi shule ilipopitisha kwamba hakuna moshi ndani ya ua, nyumba za wafanyakazi zikiwemo, Mama Geti alipata rungu. Mtu mwingine angekaa na mkongwe faraghani akamweleza. Yeye alisubiri walimu wakusanyike, akamnyang'anya bibi sigara mkononi, akamsomea sheria kwa sauti ya paredi. Mumewe alimsihi wayamalize nyumbani. Akaambiwa akachonge madawati yake.

 Kesho yake asubuhi bibi alibeba kigoda, akatoka getini, akakiweka pale ua unapoishia, akawasha. Kila mzazi aliyemleta mtoto alipewa habari yote: mkwe amenitoa nje kama takataka. Sheria ilikomea getini, na bibi alilijua hilo fika. Mama Geti akawa ndani anamtolea macho, bibi nje anampulizia moshi. Siku zikapita hivyo, hawasemezani, na mwalimu mkuu akajitia hamnazo.

Aliyesahaulika ni mtoto. Binti yule alimpenda bibi yake kufa. Alasiri moja kengele ya kutoka ilipolia, badala ya kwenda nyumbani alipita getini bila kumtazama mama yake, akaketi chini kando ya kigoda, kichwa mapajani kwa bibi. Sigara ilikuwa inawaka. Kabla bibi hajaizima, kifua cha mtoto kilianza kupiga mluzi. Mama Geti alikimbia na dawa ya pumu, akampulizia mdomoni, akangoja, akampulizia tena, mpaka pumzi ikarudi. Wazazi walikuwa wamejaa wanatazama.

Ndipo alipogeuka kumwaga yote ya moyoni. "Unataka kumuua mwanangu?"

"Sikumwita," bibi alisema. "Amenifuata kwa sababu umenitoa. Miaka yote hii umenifokea, umenisomea sheria. Kuniomba, hukuniomba hata siku moja."

Ilikuwa kweli, na kweli ile ilimuuma Mama Geti kuliko tusi. Kumwomba bibi yule, tena mbele ya kadamnasi! Aliona bora ameze mchanga. Akamtazama bintiye anavyohema. Akapiga magoti.

"Mama, nakuomba. Acha sigara, kwa ajili ya mtoto."

Bibi alimwacha pale magotini muda wa kutosha, kila mtu aone. Kisha akatoa pakiti kifuani, akaifinyangafinyanga, akaitupa mtaroni, akamshika mjukuu mkono wakaingia ndani.

Tangu siku ile hakuvuta tena. Lakini jioni ileile, Mama Geti alipompelekea chakula na kumshukuru kwa moyo wote, bibi aliisukuma sahani pembeni.

"Nimeacha kwa ajili ya mjukuu wangu," alisema. "Wewe, mkwe, nitaendelea kukuchukia. Na sasa pumzi ya kukuchukia ninayo."